Uso Ulioazimwa bila Ruhusa: Jinsi Picha ya Kushtukiza Inavyogeuka Meme



Likizo iliyopita watatu kati yetu tulipangiwa kusaidia kazi za kichungaji katika kigango kimoja kilicho mbali kidogo na parokia. Jumapili ya mavuno tulikuwepo. Wakati wa matangazo, mmoja wetu alimpiga picha katekista, mzee aliyevuka miaka sabini, bila yeye kujua. Picha ilimkuta amenyoosha kidole, jicho moja limefumba, mdomo umekwenda upande. Mwingine wetu akaiandikia maneno kwa herufi kubwa: “NANI KALETA KUKU MWENYE KIDERI?” Wa tatu akaituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Tulicheka mpaka machozi.

Kufikia jioni picha ilikuwa imefika kwa wanakwaya wa parokia. Kufikia Jumatano vijana wa vigango vya jirani walikuwa wameigeuza stika. Juma la pili watoto waliokutana na mzee njiani walikuwa wakimsalimu, kisha wakipaza sauti: “Mwalimu, kuku wetu mzima!” Mzee alicheka pamoja nao. Lakini Jumapili iliyofuata hakusimama kusoma matangazo. Alimpa msaidizi wake karatasi, akaenda kukaa benchi la nyuma. Jumapili ya baadaye akafanya vilevile.

Makala hii imezaliwa na tukio hilo. Tuliporudi masomoni tulijikuta tukilijadili mezani, kisha bustanini, kisha tukaona ni heri tulichunguze kwa utaratibu kama tunavyofundishwa kuchunguza mambo mengine. Tunauliza maswali mawili. Mosi, ni kwa njia gani picha ya mtu mmoja, iliyopigwa bila yeye kujiandaa, inageuka kuwa kichekesho cha watu wasiomjua? Pili, katika safari hiyo mwenye uso anapoteza nini, nasi tunaoisambaza tunadaiwa nini?

1. Picha ya kushtukiza inasema kweli gani?

Sote tunajua “ziara ya kushtukiza”. Kiongozi anafika ofisini au hospitalini bila taarifa ili aone mambo yalivyo, si yalivyopangwa kwa ajili yake. Watu huifikiria picha ya kushtukiza kwa namna hiyohiyo. Anayejua kwamba anapigwa picha hunyoosha kola, huvuta tumbo ndani na kutabasamu. Asiyejua hubaki alivyo. Kwa hiyo tunaamini kwamba picha ya pili ni ya kweli kuliko ya kwanza.

Imani hiyo ina ukweli nusu. Mchana penye mwanga wa kutosha, kamera ya simu huchukua picha kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Uso wa mtu anayezungumza hautulii. Kutamka neno “mama” peke yake midomo hufunga mara mbili na kufunguka mara mbili. Jirani anayetutazama haoni vituo hivyo vyote. Jicho lake linaona mwendo, na sikio lake linasikia maneno yanayoupa mwendo huo maana. Kamera haisikii. Inachomoa kituo kimoja katika mwendo na kukiacha peke yake. Sura iliyodumu kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua inapewa umri wa miaka.

Kwa hiyo picha ya kushtukiza haidanganyi kuhusu mwanga wala umbo. Mdomo wa mzee wetu kweli ulikuwa umekwenda upande. Inachodanganya ni wakati. Kwa lugha ya darasani tungesema inachukua sifa inayopita na kuionesha kana kwamba ni kiini cha mtu. Nasi tuliotazama tukasema, “Huyu mzee ni mkali kwa sadaka,” ilhali tulichokiona ni mdomo katikati ya silabi mbili.

2. Neno “meme” na maana yake

Neno hili halikuanzia kwenye intaneti. Mwaka 1976 mwanabiolojia Mwingereza Richard Dawkins alichapisha kitabu kiitwacho The Selfish Gene. Alitaka jina la kitu kinachosambaa katika utamaduni kwa kuigwa, kama vile jeni zinavyosambaa kwa uzazi. Alichukua neno la Kigiriki mimema, yaani kitu kilichoigwa, akalifupisha ili lifanane na neno jeni kwa Kiingereza. Mifano yake ilikuwa tuni za nyimbo, misemo, mitindo ya mavazi na namna za kufinyanga vyungu. Kwetu tungeweza kuongeza misemo ya khanga na maandishi ya nyuma ya daladala: hakuna anayejua nani aliyaanzisha, lakini kila mmoja ameyaona mahali.

Dawkins alisema kitu kama hicho hufanikiwa kikiwa na sifa tatu: kinadumu, kinazaa nakala nyingi, na nakala zake hufanana na asili. Intaneti imezipa sifa hizo nguvu ambayo chungu wala wimbo havikuwa nayo. Picha ya simu haichakai kwa kunakiliwa upya, na kuituma kwa watu mia hakuhitaji kazi kubwa kuliko kuituma kwa mmoja.

Hata hivyo meme ya leo inatofautiana na ile ya Dawkins kwa jambo moja kubwa. Anayeipokea haiigi tu. Anaibadilisha kwa makusudi. Picha inabaki, maneno yanabadilika. Hapo ndipo penye utamu wake na, kama tutakavyoona, ndipo penye hatari yake.

3. Mtoto aliyekula mchanga

Tuchukue picha moja ambayo historia yake inajulikana vizuri. Tarehe 26 Agosti 2007, katika ufukwe mmoja wa Florida nchini Marekani, mpigapicha Laney Griner alimpiga picha mwanawe wa miezi kumi na mmoja. Mtoto alikuwa amekunja ngumi, midomo ameibana, macho yameikabili kamera. Ndani ya ngumi mlikuwa na mchanga, na mtoto alikuwa katika shughuli ya kuula. Mama aliiweka picha hiyo kwenye mtandao wa Flickr, mahali watu wanapohifadhi na kuoneshana picha.

Watu wasiomjua waliichukua. Mwaka 2008 ilikuwa tayari inazunguka na maneno yanayomwonesha mtoto kama mkorofi anayechukia na kubomoa vijumba vya mchanga vya wenzake. Wapo pia waliomkata mtoto kutoka ufukweni. Bahari ikaondoka, mchanga ukaondoka, na ngumi ikabaki bila sababu. Kufikia mwaka 2011 mtoto yuleyule alikuwa amepewa maana nyingine kabisa: mtu aliyeponea chupuchupu na kushinda. Mstari wa juu unataja balaa, mstari wa chini unataja bahati. Kwa mfano wetu wenyewe: “Nimeamka nimechelewa mtihani” juu, na chini, “Mwalimu naye kachelewa.”

Tazama vizuri kilichotokea. Uso ni uleule, ngumi ni ileile. Kwanza alikuwa mtoto anayekula mchanga, kisha akawa mkorofi, kisha akawa mshindi. Hakuna kitu chochote ndani ya picha kilichoamua maana ipi ni sahihi. Maana ilitoka nje, kwa walioandika.

Na picha iliendelea kusafiri. Kampuni ya mawasiliano ya Uingereza, Virgin Media, iliitumia kwenye matangazo yake. Mwaka 2013 Ikulu ya Marekani iliitumia kutetea mabadiliko ya sheria ya uhamiaji. Mwaka 2015 baba wa mtoto alikuwa anahitaji figo. Familia ikaomba mchango mtandaoni ikilenga dola 75,000, na kwa sababu mamilioni ya watu waliijua ile ngumi, lengo likavukwa kwa siku chache. Baba alipandikizwa figo mwaka huohuo. Lakini Januari 2020 kamati ya kampeni ya mwanasiasa Steve King wa jimbo la Iowa iliitumia picha hiyo kuomba fedha. Mama hakutaka sura ya mwanawe isimame nyuma ya siasa za mtu huyo, akaenda mahakamani. Novemba 2022 baraza la wazee wa mahakama liliona kwamba kamati ilivunja haki yake ya kumiliki picha, likampa fidia ya dola 750, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo.

Dola 750 ni fedha ndogo. Lakini kesi hiyo inatufundisha jambo: hata meme iliyotumika mara zisizohesabika bado ni ya mtu. Kuzoeleka hakufuti jina la mwenye uso.

4. Hatua nne za safari

Kutokana na mfano huo tunaweza kuzitenga hatua nne ambazo picha ya kushtukiza hupitia hadi kuwa meme.

Hatua ya kwanza ni kukatwa katika wakati. Kamera inachagua kituo kimoja cha uso. Mara nyingi kinachofaa kwa meme ni kile kinachoonekana kama hisia kali: hasira, mshangao, ushindi, aibu. Ikiwa mwenyewe hakuwa na hisia hiyo, picha haijali.

Hatua ya pili ni kukatwa katika mahali. Kinachozunguka uso kinaondolewa, ama kwa kukata picha, ama kwa kuituma bila maelezo. Ufukwe unapotea. Kanisa linapotea. Aliyekuwa akiambiwa maneno hayo haonekani tena.

Hatua ya tatu ni kujazwa. Uso uliobaki bila hadithi ni kama chungu kitupu. Yeyote anaweza kutia chake. Kadiri hadithi ya asili inavyosahaulika, ndivyo chungu kinavyofaa kwa watu wengi zaidi. Kama kila anayeiona picha ya ufukweni angekumbuka kwamba yule ni mtoto anayekula mchanga, isingefaa kusema habari za mtihani. Usahaulifu ni sharti la mafanikio yake.

Hatua ya nne ni kurudiwa. Kila kundi linaiongezea maneno yake, na mitandao inawasukumia wengi zaidi kile ambacho watu tayari wamekipenda na kukijibu. WhatsApp ilijaribu kupunguza kasi: tangu mwaka 2019 mtu hawezi kusambaza ujumbe mmoja kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hupelekwa kwa zungumzo moja tu kwa wakati. Hata hivyo breki hiyo haimzuii anayehifadhi picha kwenye simu yake na kuituma upya kama yake.

Kutokana na hatua hizi tunapata hoja kuu ya makala hii. Kile kinachoifanya picha iwafae wote ndicho kilekile kinachomnyang’anya mwenyewe. Ili uso wake useme maneno ya kila mtu, lazima kwanza uache kusema maneno yake.

5. Je, kila meme inadhuru?

Mtu anaweza kutupinga hapa. Atasema: mnageuza mchezo kuwa kesi, je, hakuna picha iliyosambaa ikaleta mema? Ipo, na haki inatudai tuitaje.

Mwaka 2015, katika kijiji cha Asempanaye nchini Ghana, mtoto wa kiume wa miaka minne hivi alipigwa picha akiwa ameinama juu ya karatasi, kalamu mkononi, uso umekazwa kwa umakini wote alionao. Mpigapicha, Carlos Cortes, alikuwa amefuatana na Solomon Adufah, msanii mzaliwa wa Ghana anayeishi Marekani, aliyekuja kijijini kuwafundisha watoto kuchora. Adufah aliiweka picha kwenye Instagram. Mwaka 2016 vijana wa Afrika Kusini waliiokota, na kutoka huko ikaenea barani na nje ya bara. Pengine hata wewe, msomaji, umeiona: mtoto anaandika kwa bidii, na maneno yanasema anaandika barua ya kuacha kazi, au anajaza swali asilolijua.

Adufah alipoona picha imeenea hakuishia kulalamika wala kucheka. Aliwaeleza watu mtoto huyo ni nani na anatoka wapi, akaanzisha mchango mtandaoni kwa ajili ya elimu yake na ya watoto wenzake wa kijiji. Wengi waliocheka walichangia.

Lakini angalia ni wakati gani wema huo ulianza. Haukuanza meme ilipotengenezwa. Ulianza mtu alipowarudishia watazamaji kile ambacho meme ilikuwa imekiondoa: kijiji, darasa la kuchora, mtoto mwenye mahitaji yake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa familia ya Florida. Watu walichangia figo walipojua kwamba ile ngumi ina baba. Kwa hiyo mifano hii miwili haiipingi hoja yetu. Inaithibitisha. Mema yalikuja pale uso ulipopewa tena hadithi yake.

6. Kinyago na uso

Aristotle, katika Poetics, anasema binadamu ndiye mnyama anayeiga kuliko wote na hupata furaha katika kuiga. Kwa hiyo hatupaswi kushangaa kwamba tunapenda meme. Kupenda kuiga ni sehemu ya kuwa watu. Katika sura inayofuata anazungumzia kichekesho. Anasema kinachochekesha ni kasoro au ubaya usioumiza, na mfano wake ni kinyago cha mchezaji wa komedia: kimepinda, ni kibaya, lakini hakuna maumivu ndani yake.

Tukikaa juu ya mfano huo tunapata ufunguo. Kinyago hakiumii kwa sababu hakuna mtu mwenye sura hiyo. Ndugu zetu Wamakonde wana kinyago cha kuvaa kichwani wakati wa ngoma, kiitwacho lipiko. Anayekivaa amekubali kucheza. Anayetazama anajua anatazama kinyago. Ngoma ikiisha kinavuliwa. Mchongaji yuko huru kukipinda mdomo atakavyo, kwani ni mti.

Meme inachukua uso na kuutumia kama kinyago. Tofauti ni kwamba uso hauvuliwi. Ngoma ikiisha, mwenyewe anaamka nao asubuhi, anakwenda nao dukani, anasimama nao mbele ya waamini. Tulipoandika maneno ya kuku wa kideri tulidhani tunachonga. Tulikuwa tunachonga juu ya nyama.

7. Utani una masharti yake

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu linatoka nyumbani. Sisi ni watu wa utani. Mchaga na Mpare, Mngoni na Mhehe, Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana mpaka msibani, na hakuna anayekwenda mahakamani. Babu humtania mjukuu, shemeji humtania shemeji. Je, meme si utani wa kizazi cha simu janja?

Tulipolijadili jambo hili tuliona kwamba utani una masharti matatu ambayo meme haina. Kwanza, mtani anajulikana. Ukitaniwa unajua ni nani na ni kwa haki ipi. Pili, mtani anajibiwa. Leo umemwita mchoyo, kesho atakukamata yeye. Tatu, na hili ndilo kubwa, mtani ana wajibu. Yule anayelala mbele ya jeneza akizuia lisitoke mpaka apewe chochote ndiye huyohuyo anayechimba kaburi, anayepika na kuwafariji wafiwa. Utani ni undugu unaoongea kwa lugha ya matusi.

Aliyeitengenezea stika picha ya mzee wetu katika kigango cha nne hakumjua mzee, hakuweza kujibiwa naye, na mzee akifiwa hatakuja kuchimba. Huo ni utani usio na mtani. Umebaki na ulimi, umepoteza mikono.

8. Tunadaiwa nini?

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa, sehemu inayohusu dhambi za ulimi, anaitenga dhihaka na matukano pamoja na masengenyo. Mwenye kudhihaki, anasema, anakusudia kumtahayarisha mwenzake. Tena anapima uzito wake kwa heshima anayostahili anayedhihakiwa: kumdhihaki Mungu ni kubaya kuliko kote, kisha wazazi, kisha watu wema. Tulisoma ukurasa huo tukanyamaza. Sisi hatukukusudia kumtahayarisha mzee. Lakini tulikuwa tumemtengenezea tahayari, tukaiwekea magurudumu.

Sheria za nchi nazo zimeanza kuliona jambo hili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini sheria huja baada ya madhara. Dhamiri inaweza kuja kabla. Tunapendekeza maswali manne ya kujiuliza kabla ya kidole kugusa kitufe cha kutuma.

La kwanza: picha hii ilipopigwa, mtu huyu alikuwa anafanya nini hasa? Kama hatujui, tunajaza chungu tusichokijua.

La pili: maneno haya yanamfanya aseme nini, na je, yanagusa jina lake jema? Kumwonesha mtu amelowa mvua ni jambo moja. Kumwonesha katekista kama mlafi wa sadaka ni jambo lingine.

La tatu: je, ningeweza kumwonesha yeye mwenyewe kwanza? Hili ndilo swali fupi na gumu kuliko yote. Ambaye angecheka nasi na kusema “tumeni” ametupa ruhusa. Ambaye tunaogopa kumwonesha, tayari tunajua jibu lake.

La nne: je, yeye ni mtoto, mgonjwa, mfiwa, au mtu asiyeweza kujibu? Hapo tusitume.

Hitimisho

Tulirudi kigangoni Jumamosi moja kabla ya likizo kwisha. Tulikuwa tumeshafuta picha kwenye kundi letu, “kwa wote” kama simu inavyosema, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tulimkuta kijana wa bodaboda penye njia panda anayo. Mzee alitukaribisha, mama akaleta viazi na chai. Tuliomba radhi, kila mmoja akitaja kazi yake: aliyepiga, aliyeandika, aliyetuma.

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kisha akatuambia kwamba wakati ule alikuwa akiwaomba wanaume wa benchi la nyuma wasogee, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni apate kukaa. Ndicho kidole kilichokuwa kikionesha. “Wanangu,” alisema, “mngeniuliza nilikuwa nasema nini, ningewaambia.”

Jumapili iliyofuata mmoja wetu aliomba nafasi baada ya matangazo, akawaeleza waamini mambo yalivyokuwa: picha ni yetu, maneno ni yetu, na mzee alikuwa akimtafutia mama mahali. Watu walicheka kidogo, kisha wakapiga makofi. Hatuwezi kusema kwamba mambo yamekwisha. Stika bado inatembea mahali fulani, na tulipoondoka matangazo yalikuwa bado yanasomwa na msaidizi. Lakini tumejifunza kwamba kila uso unaotufikia kwenye simu ulikuwa katikati ya sentensi, na kwamba adabu ya kwanza ni kutaka kuisikia sentensi hiyo kabla ya kuiandika yetu juu yake.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga. Sisi tuliujua msemo huu tangu shule ya msingi. Ilitubidi tumwone mzee kwenye benchi la nyuma ndipo tuuelewe.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Taja meme moja inayotumia uso wa mtu halisi na unayoipenda. Unajua nini kuhusu mtu huyo zaidi ya uso wake?

2. Je, kiongozi wa umma ana haki sawa na mwanakijiji ya kulindwa dhidi ya picha za kushtukiza? Toa sababu.

3. Katika jamii unayotoka, utani una masharti gani? Ni yapi kati ya hayo yanaweza kutunzwa katika kundi la WhatsApp, na yapi hayawezekani?

4. Ikiwa meme uliyoisambaza imemuumiza mtu, na haiwezi kurudishwa, malipizi ya haki ni yapi?